Jicho la Kijani la Tabora

Msafiri afikaye Tabora hupelekwa kwanza Kwihara, penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, akiwangoja kwa miezi wapagazi kutoka pwani. Hapo ndipo afahamupo thamani ya habari katika nchi hii ya Unyanyembe. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakawasili Kazeh, ambayo ndiyo Tabora yetu, mwezi Novemba; na barua, bei ya pembe na taarifa ya msiba zilikwenda kwa mwendo huo huo wa miguu. Reli iliyofika mwaka 1912 iliigeuza miezi kuwa siku. Kilichozigeuza siku kuwa dakika kimo katika sebule chache za nyumba kongwe, nacho wageni hawaonyeshwi: redio ya mbao, kubwa mithili ya kabati, isimamayo sakafuni.

Moja iko nyumbani kwa mzee jirani na msikiti wetu. Juu ya kioo chenye majina ya miji pana tundu la mviringo, na ndani yake taa ndogo iitwayo jicho. Kampuni ya RCA ya Marekani ilianza kuuza taa za namna hii mwaka 1935. Wazungu wameipa jina la uchawi, ingawa uchawi haumo: chembe za umeme hugonga kibati kilichopakwa dawa ing'aayo kijani, na mawimbi yakipokelewa kwa nguvu, kivuli kilicho kati ya nuru hiyo hujifunga kama kope. Haja yake ni kwamba redio hizo hujisawazishia sauti zenyewe, hata kituo kilichokosewa kidogo husikika kwa nguvu ile ile, ila maneno hukwaruza. Sikio peke yake hudanganyika.

Tusilitukuze mno, hata hivyo. Jicho hupima nguvu ya mawimbi, wala halipimi ukweli wa msemaji. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, Cairo ikafungua idhaa ya Kiswahili mwaka 1954 na kuwashambulia wakoloni, BBC ikafuata mwaka 1957. Na kope ilifumba sawasawa kwa wote watatu.

Mzee akumbukacho zaidi ni usiku wa kungoja habari za mwezi wa Ramadhani, wanaume wakiwa barazani na akina mama dirishani.

"Kope zikikutana, Maalimu, hakuna aliyethubutu kukohoa," aliniambia.

Sasa wajukuu wanahitilafiana. Mmoja ataka kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwingine ataka kuitoa matumbo, atie spika ya simu. Nimeombwa rai, nami nimesema ibaki nzima, maana sanduku tupu halitamweleza mtoto chochote. Lakini asiichomeke mtu. Ndani yake hupita umeme wa volti mia mbili na zaidi, na vifaa vyake vya kuhifadhi chaji huharibika kwa uzee, vikaweza kuunguza nyumba. Hata fundi akiifufua, huenda jicho likabaki hafifu, kwa kuwa ile dawa ya kijani huchakaa kwa kadiri redio ilivyowashwa, na hii iliwashwa sana.

Kwa sasa imefunikwa kitambaa, waya wake umefungwa fundo juu wasikofika watoto. Mnunuzi wa vyuma amesema atarudi Jumamosi.