Mtumbwi, Bata na Mwana Wetu

Watu wengi wakisikia majina ya Karatu na Ngorongoro hufikiria simba, tembo na faru. Sisi tunaoishi hapa Karatu tunajua kwamba yapo na mengine: ngano na kahawa, baridi ya mwezi wa saba, na vumbi jekundu linaloingia hadi kabatini. Safari ninayotaka kukusimulia haikuhusu simba. Ilihusu bata wa majini na mtumbwi mdogo. Tena nilikwenda kwa shingo upande.

Mume wangu alizaliwa kando ya Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Kazi ndiyo iliyomleta huku milimani. Tangu watoto wetu wakiwa wadogo, jioni baada ya chakula huwasimulia jinsi yeye na kaka yake walivyokuwa wakiwinda bata kwa mtumbwi. Binti zetu walisikiliza wakasahau. Lakini mwana wetu, mwenye umri wa miaka 13, hakusahau. Alitengeneza manati, akaanza kuuliza kila juma, "Baba, utanipeleka lini?"

Baba yake alijibu, "Mwulize mama yako."

Nami nilijibu, "Hapana." Nilikuwa na sababu. Nilijua mwisho wa hadithi ile, mwisho ambao baba hakuwahi kuwasimulia watoto.

UWINDAJI WA GHUBANI

Kwanza nikueleze kazi yenyewe kama nilivyoisikia mara nyingi. Walitoka alfajiri, kabla jua halijachomoza. Mtumbwi ulikuwa mdogo, wa watu wawili tu, wenye kina kifupi ili upite katika maji ya magotini na katikati ya mafunjo. Waliufunika kwa matete mabichi, hata ukionekana kwa mbali ni kama kichaka kinachoelea. Mmoja alikaa nyuma na upondo, akausukuma polepole bila kugonga ubavu wa mtumbwi, maana juu ya maji sauti ndogo husikika mbali. Mwingine alilala kifudifudi mbele, na gobore la babu mkononi.

Hawakuwakimbilia bata. Walizunguka mbali hadi upande upepo unakotoka, kisha wakauacha upepo uwapeleke taratibu. Bata anaporuka huelekeza kifua kwenye upepo, kwa hiyo akishtuka huruka kuwajia wawindaji badala ya kuwakimbia. Kama jua lilikuwa mgongoni mwao, ilikuwa vizuri zaidi, kwa kuwa bata aliangaliana na mwanga.

Sharti kubwa lilikuwa kupiga mbele tu. Gobore husukuma bega la mpigaji. Ukipiga kuelekea mbele, mtumbwi hurudi nyuma kidogo. Ukipiga kuelekea ubavuni, mtumbwi hulala upande.

Mama mkwe wangu alipopika bata hao aliwaonya watoto watafune polepole, wasije wakavunja meno kwa chembe za risasi zilizobaki katika nyama. Siku zile hofu ilikuwa ni meno tu. Leo tunajua kwamba risasi, yaani madini yenyewe, ni sumu mwilini, na kwamba hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Hata bata ambao hawakupigwa hudhurika. Wao humeza vijiwe vya kusaidia kusaga chakula tumboni, na huokota chembe za risasi zilizozama topeni wakidhani ni vijiwe. Ndiyo maana nchi nyingi zimekataza risasi za madini hayo katika maeneo ya majimaji.

TUKAWAONE NGORONGORO

Baada ya kusumbuliwa miezi mingi, nilitafuta njia ya katikati. Nikasema, "Kama ni bata, twende tukawaone Ngorongoro. Huko hakuna mtumbwi wala bunduki." Tulichangiana gharama na familia mbili za jirani, tukakodi gari lenye nguvu, tukaondoka kabla ya saa 12 asubuhi. Ulikuwa mwezi wa Februari.

Kutoka Karatu mjini hadi lango la Lodoare si mbali, na njia yote ni ya lami. Baada ya lango, barabara hupanda katikati ya msitu wenye ukungu hadi ukingoni, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari. Pale tulisimama tukatazama chini. Kuta za bonde lile zina kina cha kama meta 600, na sakafu yake ina eneo la karibu kilometa za mraba 260. Eneo la hifadhi lilianzishwa mwaka 1959, na mwaka 1979 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Wenzetu garini walitafuta simba. Mwana wetu alitafuta maji. Katika Ziwa Magadi, ambalo ni la chumvichumvi, tuliona heroe wengi wakiwa kama utepe wa waridi. Katika kinamasi cha Gorigor na kwenye chemchemi ya Ngoitokitok, ambako maji ni matamu, ndiko tulikowakuta bata. Walikuwepo bata bukini wa Misri, wenye doa la kahawia kuzunguka jicho, wakitembea wawili wawili kama mume na mke wanaokwenda sokoni. Walikuwepo bata wadogo wenye mdomo mwekundu. Walikuwepo pia wengine wenye mdomo mpana kama kijiko, ambao baba yao aliwafahamu mara moja.

"Hawa ni wageni," alisema. "Wanatoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Mwezi wa nne hutawaona."

Mwana wetu aliwatazama kwa muda mrefu. Bata hao walikuwa karibu nasi kiasi cha kutupiwa jiwe, wala hawakuruka. "Mbona hawaogopi?" aliuliza. Dereva akamjibu, "Humu hakuna anayewawinda." Kisha alimweleza kwamba hata nje ya hifadhi huwezi kumpiga bata kwa kuwa tu umemwona. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, ndege wa porini naye ni mnyamapori, na kumwinda kunahitaji kibali. Mtoto aliyabonyeza manati yake ndani ya mfuko wa koti, akanyamaza.

Tulipofungua chakula chetu, mwewe alishuka akanyakua kipande cha kuku kutoka mkononi mwa jirani yetu. Sote tulicheka. Nikajiambia moyoni kwamba shauri limekwisha.

Jioni tukiwa nyumbani, nikiosha vyombo, mwana wetu alikuja akasimama mlangoni. "Mama, bata nimewaona. Nashukuru. Lakini mtumbwi je?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Tatizo si bata. Ni ile hadithi yako. Umempa nusu tamu, ukamficha nusu chungu." Alikaa kimya. Kisha akasema, "Nitamwambia. Lakini nitamwambia juu ya maji."

TUKASHUKA MANG'OLA

Majuma mawili baadaye tulishuka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Ni safari ya kama kilometa 50 kutoka Karatu, na barabara yake ni ya mawe na vumbi. Kadiri unavyoshuka joto linaongezeka. Masweta yalivuliwa moja baada ya jingine. Ghafla unaona kijani: ni mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa kwa maji ya chemchemi. Wapo Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe ambao tangu kale wameishi kwa kuwinda na kukusanya, na watu kutoka mikoa mingi waliofuata vitunguu na samaki.

Ziwa Eyasi halina mto unaotoka. Maji yakiingia yanabaki pale mpaka jua liyakaushe, ndiyo maana ni ya magadi. Miaka ya ukame, sehemu kubwa ya ziwa hugeuka uwanja mweupe ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu. Miaka ya mvua nyingi maji husambaa, kambale na perege huongezeka, na wavuvi hufika na mitumbwi yao. Tulifika wakati wa maji. Mikoche ilisimama ufukoni, na mbele yake matete, na mbele ya matete bata walikuwa wakiogelea.

Mzee mmoja mvuvi alikubali kutupeleka karibu na ufuko. Tulipomwamkia aliitikia, kisha akamtazama mtoto, akamtazama baba, akauliza, "Nani anajua kuogelea?" Mume wangu peke yake ndiye aliyejibu. Mzee akasema, "Basi tutakwenda kwenye maji ya kiunoni tu, na sasa hivi, asubuhi. Mchana upepo ukianza sitawachukua hata mkinilipa mara mbili." Alituonya pia tusisogelee matete marefu ya upande wa pili, kwa sababu ya viboko.

Jaketi okozi hazikuwepo. Nilikuwa nimekuja na madumu matupu manne ya lita 5, yenye vifuniko vya kukaza. Niliyafunga mawili mawili kwa kanga, nikamfunga mwanangu kifuani, nami nikajifunga. Madumu si sawa na jaketi okozi, lakini ni afadhali kuliko mikono mitupu. Mzee alicheka, halafu akasema, "Mama, wangefanya hivi wote, tungezika wachache."

Tulikaa chini, si juu ya ubao, uzito ukiwa katikati. Mzee alishika upondo. Baada ya kitambo alimpa mume wangu. Niliona mikono yake ikitetemeka. Hakuwa ameshika upondo kwa zaidi ya miaka 20. Aliuzamisha, akasukuma, na mtumbwi ukateleza bila sauti. Bata walitazama, wakasogea kidogo, wakaendelea kula.

Hapo ndipo alipomwambia mwanawe.

Alimwambia kwamba asubuhi ya mwisho walipanda watatu katika mtumbwi wa watu wawili, kwa sababu rafiki yao aliwabembeleza. Kaka yake alipiga bata, akaangukia ubavuni karibu kabisa. Wawili wakainama upande uleule kumwokota. Mtumbwi ukapinduka mara moja. Maji hayakuwa na kina kirefu sana, lakini chini kulikuwa na tope na mizizi, na kaka yake hakujua kuogelea. "Nilikuwa na miaka 15," alisema. "Niliushika mtumbwi. Yeye aliushika upondo, na upondo haumbebi mtu."

Mwana wetu hakusema neno. Aliinyosha mkono akaugusa mguu wa baba yake. Mzee mvuvi aligeuza uso akatazama milima. Nami, ambaye kwa miaka yote nilidhani hadithi ile ingemvunja moyo mtoto, niliona kwamba ilikuwa imemvunja baba kwa kutosemwa.

Tuliporudi ufukoni mtoto aliuliza swali moja tu: "Baba, utanifundisha kuogelea?" Manati yake ilibaki nyumbani siku ile. Sikuiuliza tena.

MAMA, TUFANYE NINI?

Sisi akina mama hupenda kulinda kwa kukataza. "Usiende ziwani. Usiende mtoni. Usikaribie bwawa." Lakini maji hayapo Victoria tu. Yapo malambo ya mifugo, mifereji ya Mang'ola, mashimo ya kokoto baada ya mvua, na pipa la maji uani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto aliyekatazwa bila kufundishwa ataenda siku moja kwa siri, tena atakwenda na wenzake wasiojua.

Haya ndiyo niliyojifunza, nami nakuachia:

Kwanza, pipa na ndoo zifunikwe, na mtoto mdogo asiachwe peke yake karibu na maji hata kwa dakika moja.

Pili, mtoto wa shule afundishwe kuogelea na mtu mzima anayejua, mahali palipo salama.

Tatu, kabla ya kupanda mtumbwi hesabu watu. Ukiwa umejaa, subiri. Aibu ya kusubiri ni ndogo kuliko kilio.

Nne, kaeni chini na katikati. Kitu kikianguka majini, kiacheni. Bata, kofia wala kandambili haina thamani ya mtu.

Tano, mtumbwi ukipinduka, ushike wenyewe. Mbao huelea hata zikijaa maji. Usiuache kujaribu kuogelea hadi ufukoni.

Sita, kama nyumbani kwenu kuna hadithi ambayo nusu yake imefichwa, tafuteni siku ya kuimalizia. Mtoto anaweza kuibeba kuliko tunavyodhani.

Siku hizi kila Jumamosi baba na mwana huenda kwenye bwawa la kuogelea la hapa mjini, ambalo tunalipia kidogo. Mwana wetu anaweza sasa kuelea chali. Bado anazungumza habari za bata. Amesema mwezi wa kumi na moja, wale wageni wenye mdomo wa kijiko wakirudi, tushuke tena Eyasi kuwapokea. Nimekubali. Madumu yangu manne nimeyatundika nyuma ya mlango wa jikoni, na vifuniko vyake nimevikaza.