Pikipiki Yenye Rivasi

Usiku wa kuamkia test ya saikolojia ya elimu, badala ya kumaliza desa nililoazima, nilikuwa nimelala kitanda cha juu hosteli nasoma habari za pikipiki. Siyo za kununua, maana boom lenyewe lilikuwa limebaki la chai na chapati. Nilikuwa natafuta jina la ile iliyokuwa kwenye kalenda ya fundi wetu kule Makambako. Jipikipiki pana kama kochi, kioo kikubwa mbele, maboksi ubavuni, na kiti cha abiria chenye mgongo. Baba akipeleka Boxer yake kumwaga oili, mimi nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, naikodolea macho kalenda.

Kumbe inaitwa Honda Gold Wing.

Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Cologne, Ujerumani, Oktoba 1974, ikaingia sokoni mwaka uliofuata kwa jina la GL1000. Injini ya sisi 999, silinda nne zilizolala, mbili kushoto mbili kulia, na inapozwa kwa maji. Haina cheni. Nguvu inafika tairi la nyuma kwa shafti, kama kwenye gari. Baba angependa hapo, maana cheni na sproketi zimemla hela kuliko sisi watoto. Lile tanki la mafuta unaloliona mbele ya dereva siyo tanki, ni kifuniko tu cha vifaa vya umeme na vinginevyo. Mafuta yako chini ya kiti, ili uzito ukae chini na pikipiki isiyumbe. Halafu injini ya silinda zilizolala namna hiyo huitwa boxer! Boxer ya Baba ina silinda moja, na wala haijalala. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa kitanda cha chini akagonga ubao.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi ilivyobadilika. GL1000 ilitoka kiwandani ikiwa uchi, bila kikinga upepo, bila boksi hata moja. Wamarekani waliokuwa wakisafiri nazo maelfu ya kilomita wakaanza kujiongezea wenyewe. Walinunua vikinga upepo vya Craig Vetter, wakafunga maboksi, wakabadilisha viti. Honda wakaona. Mwaka 1980 wakatoa GL1100 Interstate, yenye kikinga upepo na maboksi tayari kutoka kiwandani, na mwaka huohuo wakaanza kuziunganisha hukohuko Marysville, jimbo la Ohio. Yaani wateja ndio walioichora. Na sisi si tunafanya hivyohivyo? Nenda kijiwe chochote uone: mwamvuli, keria iliyorefushwa, bomba la kukinga miguu, kiti kilichoongezwa sponji. Tofauti ni kwamba huku kwetu kiwanda ni fundi wa kuchomelea.

Basi nikafika GL1500, ya mwaka 1988. Silinda sita, sisi 1,520. Imekuwa nzito kiasi kwamba mtu akiegesha vibaya hawezi kuivuta kinyumenyume, kwa hiyo wakaipa rivasi. Unabonyeza, mota ileile ya kuwashia inaisogeza nyuma taratibu.

Hapo nikaweka simu kifuani.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, Baba alipakia magunia mawili ya viazi, msimu wa mvua, akaingia uchochoro unaoteremka. Mbele ukuta. Akashuka, akaanza kuivuta nyuma kwa kiuno, kama wanavyofanya wote. Tairi likateleza, pikipiki na magunia vikamlalia mguu wa kushoto. Kifundo kikavunjika. Niliambiwa wiki tatu baadaye, nilipomaliza UE, eti nisichanganyikiwe. Mpaka leo kikipiga baridi anachechemea, na Makambako baridi ni la kila siku.

Hizo GL1800 za mwaka 2001 na kuendelea nilizipitia harakaharaka. Kuanzia 2006 waliweka hata airbag, ya kwanza kwa pikipiki ya kiwandani, na 2018 wakaipunguza uzito kwa zaidi ya kilo 30. Bado ni karibu kilo 380.

Asubuhi, kabla ya test (nilipata 11 kati ya 20, tusiongee), nikampigia.

“Shikamoo Baba.”

“Marahaba mwanangu. Umeamkaje?”

“Salama. Baba, unajua ile pikipiki ya kwenye kalenda ya fundi ina rivasi?”

Akanyamaza, halafu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda. “Rivasi? Pikipiki? Nyie wasomi mnadanganywa.”

Nikamweleza yote, na shafti. Kisha akaniambia alichokuwa anataka kuniambia tangu wiki iliyopita. Kijana aliyekuwa akiendesha Boxer kwa hesabu ya elfu saba kwa siku amerudisha ufunguo, anakwenda Dar. Ada yangu ya semesta ya mwisho, ile sehemu ambayo mkopo hauigusi, haijatimia. Kwa hiyo atarudi barabarani mwenyewe.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia naweza kuahirisha mwaka. Nilisema vingi, vingine kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumtolea baba yake. Aliniacha nimalize.

“Hiyo ya kwako,” akasema, “gia inabadilishwa mguu gani?”

Wa kushoto, kama zote, nikamwambia. Ila tangu 2018 kuna ambayo haina klachi wala pedeli ya gia, inabadilisha yenyewe, na gia ziko saba. Mguu wa kushoto kazi yake ni kukanyaga chini ukisimama.

“Basi huyo aliyeitengeneza aliniona.”

Hatukucheka. Nikamuuliza Boxer iko wapi sasa hivi.

“Iko hapa uani, nimeifunika turubai. Fundi anakuja Jumamosi kuangalia cheni.”