Sigara Tuliyompa Mwenzetu

Sisi tuliokuja Coventry kusoma uhandisi mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa watano, na wote watano tulivuta sigara. Wengine tulitoka nayo nyumbani, ambako dukani ilinunuliwa moja moja. Wengine tulijifunzia hapa, katika baridi ya mwaka wa kwanza, tukiamini kwamba moshi unapasha mwili joto. Mmoja akiwa na pakiti, wote tuna pakiti. Ndivyo tulivyoishi, tukauita huo ni udugu.

Leo tunaandika habari za mmoja wetu. Ametupa ruhusa kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Kisha akaongeza: "Andikeni yote, na ya kwenu pia msiyafiche." Kwa hiyo na ya kwetu yamo humu.

Mwaka 2003 mwenzetu alilazwa kwa nimonia. Alipotoka hospitali alituita kwake, akapika pilau, tukala, halafu akatuambia kwamba amepimwa na ana virusi vya UKIMWI. Hakuna aliyetamka neno. Sisi ni watu wa Afrika Mashariki. Tulikuwa vijana wa shule wakati wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na hapakuwa na hata mmoja kati yetu ambaye ukoo wake haukuwa umezika. Tulidhani tunamtazama mtu anayeaga.

Tukafanya mambo mawili. La kwanza ni la aibu. Kwa miezi kadhaa, kila alipokuja kwetu tulimwekea kikombe chake peke yake, na akishaondoka tulikiosha mara mbili kwa maji ya moto. Wahandisi wenye shahada, tukaogopa kikombe! La pili tuliliona ni la upendo. Hatukujua la kumwambia, basi tukawa tunampa sigara. Kila tulipokwenda kumjulia hali tulimpelekea pakiti. Mmoja wetu alipouliza kama moshi unamfaa mgonjwa, tulimjibu: "Mwache avute, maskini, starehe gani nyingine imebaki?"

Mwenzetu hakuaga. Dawa zilimkubali, na baada ya miezi michache virusi vilipungua hata kipimo hakikuviona tena. Mpaka leo havionekani. Siku hizi inajulikana wazi kwamba mtu wa namna hiyo, akiendelea na dawa zake, hamwambukizi mwenziwe hata kwa tendo la ndoa; na kikombe hakijapata kumwambukiza mtu yeyote. Alirudi kazini, akaoa, akapata watoto wawili, wote wazima. Sheria ya kukataza uvutaji ndani ya sehemu za kazi na kumbi za England ilipoanza tarehe 1 Julai 2007, tulikuwa tukitoka naye nje ya kumbi za harusi na kusimama kwenye mvua, kila mtu na sigara yake. Baadaye mmoja wetu aliacha kwa ajili ya watoto, na mwingine kwa sababu ya bei. Yeye aliendelea, pakiti moja kwa siku, na hatukumsemesha. Tulijiambia kwamba aliyeushinda UKIMWI hatashindwa na sigara.

Mwaka 2019 alianza kusimama njiani. Siku moja lifti ya jengo la rafiki yetu ilikuwa mbovu, tukapanda ngazi, na yeye akabaki ghorofa ya pili ameshika chuma cha ngazi, midomo imebadilika rangi. Akasema ni baridi. Ulikuwa mwezi wa Agosti. Baadaye alituambia kwamba aliamini virusi vimeamka, ndiyo maana alikosa miadi miwili ya kliniki: aliogopa jibu. Mkewe ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka.

Virusi havikuwa vimeamka. Muuguzi alimpa mrija, akamwambia avute pumzi mpaka mwisho kisha apulize kwa nguvu zake zote. Katika sekunde ya kwanza alitoa kama nusu tu ya hewa inayotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chake. Akaambiwa ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na kwamba sehemu kubwa ya kosa ni ya sigara. Alikuja kutuonyesha karatasi ya kipimo chenye mchoro wake, nasi tuliielewa upesi, maana mambo ya mabomba na mikondo ndiyo kazi yetu.

Mapafu, kwa lugha yetu ya ufundi, ni mtambo wa kubadilishana hewa. Njia za hewa zinagawanyika na kugawanyika mpaka kufikia mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo, ambavyo kuta zake ni nyembamba mno ili oksijeni ipenye kuingia kwenye damu. Ndani ya njia hizo kuna vinyweleo vinavyofagia makohozi na uchafu kwenda juu, na chini kwenye vifuko kuna seli za ulinzi zinazomeza vijidudu. Moshi wa sigara hupooza ufagio, huvimbisha kuta za njia, na huwachokoza walinzi mpaka watoe kemikali zinazokula kuta za vifuko vyenyewe. Kila mhandisi anajua kwamba ukipunguza kipenyo cha bomba kwa nusu, ukinzani wa mkondo uliotulia hauongezeki mara mbili tu. Unaongezeka mara 16. Uvimbe mdogo, kazi kubwa.

Sasa ongeza VVU. Virusi hivi huingia katika walinzi walewale wa mapafu, na hata dawa zinapovidhibiti kwenye damu, uvimbe wa chini kwa chini haumaliziki kabisa. Kwa hiyo mapafu ya mwenzetu yalikuwa yakichokozwa na maadui wawili, na mmoja kati yao tulimpelekea sisi. Ndiyo maana watu wanaoishi na VVU wakivuta sigara hupata ugonjwa wa vifuko vya hewa mapema zaidi, na nimonia na kifua kikuu huwaandama kuliko wasiovuta.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa watu wanaopata matibabu ya VVU, ulikadiria kwamba mvutaji hupoteza zaidi ya miaka 12 ya maisha kwa sababu ya sigara, na kama 5 kwa sababu ya virusi. Mwingine wa Marekani wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mvutaji anayezifuata vizuri dawa za VVU ana uwezekano mara 6 hadi 13 zaidi wa kufa kwa saratani ya mapafu kuliko kwa UKIMWI. Tulizisoma hesabu hizi pamoja, sebuleni kwake, na kwa muda mrefu hatukuweza kumtazama usoni. Tulikuwa tumekiogopa kikombe kisicho na dhara lolote, na pakiti ya sigara tukaipeleka kama zawadi.

Tulimwomba radhi. Akacheka mpaka akakohoa. "Jamani, hamkuniwashia kwa nguvu," akasema. "Mlinipa kwa mapenzi. Sasa nipeni kitu kingine."

Basi tukampa kitu kingine. Wawili wetu tuliokuwa bado tunavuta tuliacha pamoja naye, kwa msaada wa huduma ya kuacha sigara, ambayo hapa haina malipo, na kwa viraka vya nikotini. Mara ya kwanza tulishindwa wote watatu, mara ya pili mmoja, mara ya tatu tukafika. Alichopoteza hakirudi, vifuko vilivyobomoka havijengwi upya. Ila mtu mzima asiyevuta hupoteza takriban mililita 30 za pumzi ya sekunde ile ya kwanza kila mwaka, na mvutaji aliyeathirika huweza kupoteza hata 60. Akiacha, kasi hurudi karibu na ile ya kawaida. Anayeacha leo anaokoa kilichobaki.

Ndugu msomaji unayeishi na VVU, au mwenye ndugu wa namna hiyo: ukianza kuhema usiseme ni baridi ya Ulaya, na usikimbie kliniki. Omba upimwe pumzi. Mwambie daktari dawa zako zote, kwa sababu baadhi ya dawa za kuvuta kifuani zenye steroidi hazipatani na ritonavir wala cobicistat. Pata chanjo ya mafua na ya nimonia. Shisha nayo ni moshi, hata ikinukia tufaha.

Nasi wengine tukimtembelea mgonjwa, tumpelekee machungwa, na tusiwe wagumu wa maneno. Mwenzetu sasa anatembea mpaka dukani, akipumzika mara mbili njiani. Tunatembea naye, na akisimama, tunasimama.