Umeme Katika Udongo

Ewe msomaji, ungalishika udongo wa Owino Uhuru, Mombasa, usingalitambua sumu iliyokuwamo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi yake ilibaki mahali wachezapo watoto. Nikataka kujua kama umeme waweza kuiondoa. Nilijaza bakuli udongo wa mfinyanzi, nikaulowesha kwa maji ya mrututu, maana risasi sikuthubutu kuichezea. Nikachomeka vijiti viwili vya kaboni, nikaunganisha betri. Shaba ya mrututu, kama risasi, huvutwa na ncha hasi. Ilikwenda polepole, kisha karibu na ncha ikaganda, kwa kuwa maji ya hapo hugeuka yakawa kama ya magadi. Nikatia siki, ikasogea tena. Siku nne kwa bakuli moja, nami nilikuwa nafikiri kijiji kizima!