Dende wa Mtoto Katika Nyumba ya Rafiki

Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka, wengi wetu wa Goma tuliagizwa kuhama. Rafiki yangu wa Bukavu alikubali kutupokea. Binti yangu alikuwa na kikapu, na ndani yake dende wake.

Kwetu Kivu dende ni nyama. Lakini huyu alikuwa na jina, tena ndiye kitu pekee mtoto alichotoka nacho nyumbani. Basi kabla ya kupanda boti nilipiga simu: «Dada, tunakuja na dende, na si wa kuliwa. Ukikataa, nitamtafutia pahali pengine.» Alicheka sana, kisha akasema: «Mulete.»

Rafiki naye alifuga dende jikoni. Wetu tulimweka kando, ndani ya kartoni, kwa sababu madume wasiojuana hupigana, na magonjwa huambukizana. Majani yake tulikata wenyewe. Mavi binti aliyafagia kila asubuhi na kuyapeleka bustanini, yawe mbolea.

Wamama, mwenye nyumba ana haki ya kujua ni nani anayeingia kwake. Na mtoto aliyekimbia moto anahitaji kubaki na kitu chake. Tuseme mapema, kabla sufuria haijawekwa motoni.