Majani Huingia Mwisho

Nimekulia Tukuyu, ambako fungu la vitunguu vya majani ukilinunua Jumatatu, Alhamisi bado limesimama mezani. Kule mlimani, kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi yenyewe ndiyo friji. Nikaolewa Kyela, kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, chini ya mlima kwa karibu kilomita nzima. Majani yaleyale yakishuka na gari la asubuhi, jioni yamelegea na yameanza kunuka.

Aliyenibadilisha ni mama mkwe. Enzi hizo sokoni tulifungiwa majani kwenye mifuko ya plastiki. Alifungua mfuko wangu, akatia mkono ndani.

"Mwanangu, jani hili bado linapumua. Ukilibana hivi linajichemsha lenyewe."

Alisema kweli. Jani lililochumwa huendelea kupumua, na likipumua hutoa joto na unyevu. Kwenye joto la Kyela pumzi hizo huenda mbio, mfuko unazizuia, na uozo unaanzia katikati ya fungu. Marufuku ya mifuko ile, Juni 1, 2019, ilinikuta nimeshaiacha.

Siku hizi fungu likifika nalifungua kamba na kuyatenga yaliyopondeka. Siyaoshi mpaka wakati wa kupika. Yenye mizizi nayasimamisha kwenye maji ya vidole viwili, ninayoyabadili kila asubuhi. Yasiyo na mizizi nayaviringisha kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, nayalaza ndani ya chungu cha Wakisi kilichokaa kwenye mchanga uliolowa. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, na huuzwa soko la Jumamosi pale Lyulilo, Matema. Udongo wake hunywa maji, nayo yakikauka kwa nje huondoka na joto. Agosti na Septemba, hewa ikiwa kavu, chungu kinapoa vizuri. Masika hakipoi, kwa hiyo nanunua ya siku hiyohiyo tu.

Lakini badiliko kubwa lilikuja kwenye moto. Kwetu majani yalikaangwa mwanzoni kabisa, pamoja na vichwa vya vitunguu. Mama mkwe alipika samaki aina ya mbasa kwa mawese, akaepua chungu, ndipo akashika kisu. Harufu ile kali huzaliwa kisu kinapopasua seli za jani, kimeng'enya kikakutana na viini vyenye salfa. Moto mkali hukiharibu kimeng'enya hicho na kuipeperusha harufu iliyokwisha kutoka. Ndiyo maana nasubiri chungu kiepuliwe, kisha nachukua kisu kikali kinachokata bila kuponda. Nakatakata membamba, namwaga juu ya ndizi mbalaga au wali, nafunika kidogo, napakua. Sehemu nyeupe, iliyo ngumu, ndiyo pekee inayotangulia kwenye mafuta.

Usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, ndio ulionufaika kuliko vyote. Ni mtamu, ila una uzito wa harufu ya ziwa, na wanangu walikuwa wakiusukuma pembeni ya sahani. Majani mabichi yaliupa wepesi ambao nyanya na ndimu peke yake havikuweza kuupa. Sasa wakiona usipa unaoshwa, huuliza kwanza kama majani yapo.

Na yapo, kwa sababu vishina vyenye mizizi navipanda kwenye beseni kuukuu lililotobolewa chini. Nikivuna naacha vidole viwili juu ya udongo, vinachipua tena. Aprili naliinua beseni juu ya matofali, maana mvua za hapa huozesha mizizi upesi kuliko jua linavyoikausha.