Bamvua kwa Mtoto wa Mlimani

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliwahi kuyafundisha maji nisiyoyafika. Nilikuwa katika mazoezi ya ualimu, katika shule moja ya upili huko Nyamira, tukichambua shairi lenye neno bamvua. Msichana aliyeketi nyuma aliuliza maana yake. Nikajibu bila kusita, "Ni maji ya bahari yanapojaa." Nikaandika ubaoni, wakanakili, tukaendelea. Wakati huo sikuwa nimeiona bahari.

Maji niliyoyajua ni ya Mto Gucha, uanzao nyanda za juu za Kiabonyoru ukateremka hadi Ziwa Victoria. Utotoni tuliketi ukingoni tukivizia kambare kwa ndoana na minyoo. Mto huo huenda wala haurudi. Ukipata pahali pazuri pa kuvulia leo, kesho utapakuta papo hapo.

Disemba 2022 nilikwenda Gazi, Kaunti ya Kwale, kukusanya msamiati wa wavuvi. Siku ya pili baada ya mwezi kupevuka, nilimwomba mwenyeji wangu mtumbwi, nikatoka peke yangu saa moja asubuhi. Sikumuuliza mtu habari za maji. Ndani ya mikoko niliona kijito chembamba ambamo samaki walikuwa wakirukaruka, nami nikadhani nimepata hazina. Nikaingia, nikatia nanga, nikateremsha mshipi. Chaa wawili wakaja upesi. Furaha ilinipofusha, nisione jinsi mizizi ya mikoko ilivyozidi kurefuka kando yangu. Kufikia saa tatu na nusu mtumbwi ulikuwa umeketi juu ya tope. Nilipotia mguu nje, ulizama hadi pajani. Nikarudi ndani kwa taabu, nikakaa juani pamoja na kaa na mbu wa mikokoni.

Mzee mmoja alipita kwa mbali akitembea juu ya mchanga.

"Shikamoo mzee!" nilipaza sauti.

"Marahaba mwanangu. Umengoja nini humo?"

"Maji yamenikimbia, mzee."

"Hayakukukimbia. Hili ni bamvua. Maji yakijaa sana, yana deni la kukupwa sana. Tulia, yatakuja kukuchukua."

Yalikuja saa nane. Katika saa hizo zote nililikumbuka jibu langu la ubaoni. Bamvua si kujaa tu. Ni majira ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ambapo maji hupanda mno na kushuka mno pia. Nilikuwa nimewafunza watoto nusu ya neno, nayo nusu niliyoiacha ndiyo iliyonikwamisha.

Juma lililofuata, mwezi ulipobaki nusu, mzee yule alikubali kunifundisha. Kwanza, anayeanza asubiri maji mafu, kwa kuwa tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo na mkondo hauna nguvu nyingi. Pili, pahali pa kuvulia huchaguliwa kwa miguu kabla ya mtumbwi. Maji yakikupwa, tembea ujue penye mchanga na penye tope, kisha urudi yanapojaa. Tatu, asiingie kijitoni. Akae mdomoni mwake, kinapokutana na mkondo mkubwa. Maji yanayotoka mikokoni hubeba chakula, na samaki hukisubiri hapo. Nne, aangalie upepo. Tulikuwa wakati wa kaskazi, kwa hiyo alinielekeza upande uliokingwa na miti, nisije nikasukumwa mbali na kafi likanishinda.

Kisha akanifundisha kuisoma miti. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari, hivyo penye mililana maji hukawia kuondoka. Mkoko hufuata na mizizi yake inayoutegemeza juu ya tope, ambayo huwasitiri samaki wadogo na kunasa ndoana za wageni. Mkandaa uko nyuma karibu na nchi kavu; atakayefuata maji hadi huko akumbuke njia ya kurudi. Miti hiyo yote nilikuwa nikiiita mikoko tu.

Mikoko ya Gazi nayo ina kisa. Miaka ya 1970 ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, vikiwemo vya matofali. Baadaye ilipandwa upya, na tangu 2013 wanakijiji huilinda kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ya kaboni na kuleta fedha za maji na elimu. Nilipoambiwa hayo niliyawaza mabonde yetu ya chepechepe ya Kisii na Nyamira, ambako udongo huchimbwa kufyatulia matofali na mikaratusi hupandwa ikayanywa maji. Hata sisi tuna matope yanayolea uhai, lakini hatujayapa majina mengi ya heshima.

Nimerudi shuleni kule mara moja tangu hapo. Darasa lile lilikuwa limekwisha kumaliza masomo, na mahali fulani daftari la msichana yule bado lasema kwamba bamvua ni maji kujaa. Sina njia ya kulisahihisha. Ninachoweza ni kuwasihi wanachama wenzangu, hasa sisi wa bara, kwamba kamusi hutufikisha ufukweni tu. Safari yetu ijayo ya chama na iwe ya pwani, tutoke na mshipi na daftari. Ila kabla ya kupanda mtumbwi, tumwamkie mzee na kumuuliza mwezi uko wapi.